Siri ya Baba na Mama

Wazee wetu walisema: Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini katika nyumba nyingi watoto huchota kila siku, wasijue kilichomo chini. Ndiyo habari ya Spy Kids, filamu ya kuchekesha ya Robert Rodriguez, iliyotoka Marekani mwaka 2001. Sisi tuliitazama pamoja na watoto, na sasa twataka kuipima mbele yenu, wasomaji wapenzi.

Habari yake ni hii. Gregorio na Ingrid Cortez walikuwa wapelelezi wa pande mbili zenye uadui. Kila mmoja alitumwa kumwua mwenzake. Badala ya kuuana, wakaoana. Wakazaa Carmen na Juni, wakaiacha kazi ile, wakanyamaza. Usiku mama huwasimulia watoto juu ya wapelelezi wawili waliopendana, kana kwamba ni habari ya watu wengine. Siku moja wazazi wanaitwa tena kazini, wananaswa na Floop, bwana wa michezo ya watoto katika televisheni. Watoto wanabaki na mtu waliyemzoea kama mjomba. Yeye ndiye anayewafunulia yote ghafula: wazazi wenu ni wapelelezi, nami si mjomba wenu.

Yafaa kusifu yaliyo mema. Watoto walicheka sana walipoona watumishi wa Floop, ambao mwili wao wote ni vidole gumba. Ndugu wawili wanaogombana tangu mwanzo wanajifunza kutegemeana. Floop naye anageuka na kuwasaidia. Tena pana mlango usiofunguka mpaka Carmen ataje jina lake lote, refu kweli kweli. Hapo watoto wetu walianza kuulizana majina ya mababu.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni jingine. Gregorio aliamriwa zamani kuharibu ubongo wa mashine alioutengeneza. Hakuweza, akauficha, na adui anapoutafuta, ni watoto wake wanaoukuta mikononi mwao. Nani kwetu asiyeelewa? Bunduki iliyozikwa chini ya mgomba haiozi upesi.

Maana Masisi na Walikale tunajua wazazi wenye siri. Tangu mwaka 1993, mauaji yalipoanza Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, vikundi vya silaha vimefuatana, na mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliingia tena katika miji yote miwili. Wavulana wengi walibebeshwa bunduki, wasichana wengi walichukuliwa kwa nguvu. Baadhi yao leo ni baba na mama: wanalima mihogo, wanachunga ng'ombe, wanapeleka watoto shule. Mtoto anapouliza juu ya kovu, wanasema ni panga la shambani.

Hapo ndipo filamu inapopungua. Kwa Cortez mambo ya zamani ni mavazi mazuri na vyombo vya ajabu. Mtoto akiyajua, anafurahi. Hakuna aliyefiwa kwa mkono wa baba yake. Tena adui anakaa mbali, katika ngome yake. Kwetu aliyedhuru na aliyedhuriwa huteka maji kisima kimoja, na Jumapili huketi benchi moja. Kwa hiyo tusiwalaumu upesi wazazi wanaonyamaza. Mahali ambapo wenye silaha wangali wakipita, neno moja la mtoto laweza kuleta kifo nyumbani.

Hata hivyo, juu ya jambo moja filamu yasema kweli: siri isiyotolewa na mzazi hutolewa na mwingine. Yule mjomba wa uongo tunamjua. Ni jirani mwenye chuki, ni mlevi sokoni. Naye hatapima maneno kwa umri wa mtoto. Afadhali mzazi mwenyewe aanze, wakati ukiruhusu, kidogo kidogo, na asijifanye shujaa.

Mwishoni Carmen anakubali kazi mpya kwa sharti kwamba wote waende pamoja. Basi filamu hii twaikubali, kwa sharti hilohilo. Msiwaache watoto waitazame peke yao katika chumba cha video. Keti nao, na mkirudi nyumbani wakauliza neno, usiwafukuze wakalale.