Joho, Koti na Kaki: Mavazi ya Waungwana na Askari wa Unguja katika Karne ya Kumi na Tisa

Mchoraji wa kitabu cha historia, au mtayarishaji wa mchezo wa kuigiza, atakapo kuonyesha mambo ya Unguja katika karne ya kumi na tisa, aghalabu hufungua masanduku mawili tu. Katika sanduku la kwanza mna kanzu, kilemba, joho na jambia, navyo huvikwa kila Mwarabu na kila tajiri. Katika la pili mna kaki, nayo huvikwa kila mwenye bunduki. Asiyekuwa na fungu katika masanduku hayo hufungwa shuka kiunoni, basi. Mtazamaji hupata picha nyepesi kufahamika, lakini si picha ya Unguja. Tena kosa hili si la macho peke yake, ni kosa la lugha pia; maana maneno yaliyotumika kutaja mavazi hayo yalikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo iliyomtenga muungwana na asiye muungwana, ofisa na askari wa safu, na askari wa mwaka 1877 na yule wa mwaka 1900.

Yafaa kuanza na joho, kwa kuwa ndilo neno lililopungukiwa zaidi. Kamusi za zamani, ya Madan na ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyoifuata, zililieleza joho kwanza kuwa ni nguo ya sufi, kisha ndipo zikalieleza kuwa ni vazi refu lililo wazi mbele, lenye kutiwa nakshi, la watu wenye nafasi. Mpango huo ulikuwa sahihi. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako jukh ni jina la kitambaa: sufi iliyofumwa, kisha ikalowekwa na kupondwa mpaka nyuzi zikashikana, uso wake ukawa laini na mzito. Wasemaji wa leo wamebakiwa na maana ya pili tu, na vijana wengi wanaijua ya tatu, yaani vazi la mahafali ya chuo kikuu. Si vibaya lugha kwenda mbele. Lakini msomaji wa maandishi ya karne ile akikuta mtu amepewa joho, hana budi kujiuliza kwanza kama ni vazi lililoshonwa au ni kitambaa kisichokatwa.

Kitambaa hicho hakikufumwa pwani. Sehemu kubwa yake ilitoka katika viwanda vya Ulaya, na huko huko Ulaya ndicho kilichokuwa kitambaa cha koti la bwana mkubwa. Mwanzoni mwa karne, George Brummell (1778–1840) aliwazoeza mabwana wa London kuacha hariri za rangi na nakshi za dhahabu, wavae koti la sufi ya rangi nzito, lililokatwa kwa ustadi, juu ya shati jeupe la kitani lililofuliwa vyema. Kufikia katikati ya karne mtindo huo ulikwisha enea, na rangi nyeusi ikatawala mavazi ya mchana na ya usiku. Basi Seyyid Barghash alipozuru Uingereza mwaka 1875, aina mbili za waungwana zilikutana, na kila upande ulivaa sufi ya rangi nzito juu ya nguo nyeupe. Wachoraji hupenda kuonyesha mkutano huo kama mkutano wa rangi na weusi, wa pambo na unyofu. Kwa kweli tofauti kubwa ilikuwa katika mshono. Joho huning'inia mabegani wala halina kipimo cha kifua cha mtu. Huweza kuvuliwa hapa na kuvikwa pale, likatolewa zawadi, likarithiwa na mwana. Koti la London lilikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, likatiwa pamba kifuani na kubanwa kiunoni, hata mtu mwingine akilivaa huonekana ameazima. Ndiyo sababu joho na kilemba viliweza kuwa vitu vya kutunukiana heshima, na koti halikuweza.

Habari ya kilemba ni ndefu, na lugha yenyewe imeihifadhi: mwanafunzi alimlipa fundi wake kilemba alipohitimu, na mtu asifiwaye kwa uongo mpaka leo huambiwa amevishwa kilemba cha ukoka. Yatosha kukumbusha kwamba kichwa na miguu ndizo sehemu za mwili zilizosomwa kwanza. Mtumwa wa Unguja kwa desturi alitembea kichwa wazi na miguu mitupu, na nguo yake ilikuwa shuka ya merikani au kaniki. Kofia, kanzu ndefu na makubadhi vilikuwa alama za uungwana. Kwa hiyo mtayarishaji anayewapa kofia watu wote jukwaani, ati kwa kuwa kofia ni vazi la Mswahili, amefuta kwa mkono mmoja jambo ambalo hadithi yenyewe huenda inalieleza. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, watu waliokuwa watumwa walianza kuvaa kanzu na kofia kwa wingi, na hapo ndipo vazi hilo lilipoanza kuwa la kila mtu. Picha ya mwaka 1910 haiwezi kuwa shahidi wa mwaka 1870.

Bara mambo yalitangulia. Wapagazi na walinzi wa misafara, wengi wao wakiwa watumwa au watoto wa watumwa, walijiita Waungwana walipofika Unyamwezi na Manyema, wakajitenga na wenyeji kwa nguo nyeupe na kwa lugha ya Kiswahili. Neno lililomaanisha pwani mtu aliyezaliwa huru likawa huko jina la mtu avaaye namna fulani. Kamusi zinapoweka maana hizi mbili katika mstari mmoja, pamoja na ile ya tatu ya mtu mwenye adabu, huficha safari iliyopitwa na neno hilo, nayo ni safari iliyopitwa kwa nguo.

Katika mavazi ya kijeshi kosa huwa kubwa zaidi, kwa kuwa hapa tarehe zinajulikana. Kabla ya mwaka 1877 majeshi ya Sultani yalikuwa hasa ya watu wa kukodiwa, Wabulushi na Washihiri, na kila mmoja alikuja na nguo zake, silaha zake na desturi ya kufunga kilemba chake. Neno askari lilikuwako, lakini sare haikuwako. Mtayarishaji anayewavika watu hao nguo za namna moja huwapa nidhamu ambayo hawakuwa nayo, naye humnyima mtazamaji nafasi ya kuona sababu iliyomfanya Barghash atake jeshi jingine.

Mwaka 1877 Lloyd Mathews, luteni wa manowari ya Kiingereza, alianza kulifundisha jeshi jipya kwa mtindo wa Ulaya. Askari wake Waafrika walipewa kofia nyekundu, koti fupi jeusi na suruali nyeupe. Maofisa Waarabu walivaa makoti marefu ya rangi nzito yenye tepe za dhahabu na fedha, na yamkini mfano wake ulitoka katika mavazi ya wanamaji ambamo Mathews mwenyewe alilelewa. Hapa mhakiki hana budi kusimama. Koti hilo refu ndilo lililokuwa vazi la mchana la bwana wa London. Ofisa Mwarabu aliyelivaa alitoka katika joho akaingia katika sufi ile ile, nyeusi, ndefu, yenye nakshi ya nyuzi za dhahabu. Kilichobadilika ni vifungo, ukosi na kipimo. Kwake yeye, kwa hiyo, mabadiliko hayakuwa makubwa kama yanavyodhaniwa.

Kwa askari wa safu yalikuwa makubwa mno. Mtu maskini, ambaye huenda wazazi wake walikatazwa kufunika kichwa, alipewa kofia na suruali kwa gharama ya Sultani, akapitishwa mbele ya watu akiwa amesimama wima. Miaka 20 kabla ya amri ya mwaka 1897, sare ilikuwa imekwisha ivuruga sarufi ya mavazi mjini. Haidhuru kama Mathews alikusudia hivyo au hakukusudia; macho ya watu wa mjini yalijua kusoma. Mchezo wowote juu ya zama za Barghash ungepata katika kofia ile nyekundu jambo la kuigiza lenye uzito kuliko hotuba ya kurasa 3. Ajabu ni kwamba ndiyo kofia inayosahauliwa kwanza.

Badala yake huletwa kaki. Neno hili limetoka katika Kiajemi kwa njia ya Kihindustani, na maana yake ni kitu chenye rangi ya vumbi. Harry Lumsden, aliyeunda kikosi cha Guides huko Peshawar mwaka 1846, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa kuwavika askari wa Kiingereza nguo za rangi hiyo. Lakini jeshi lenyewe la Uingereza halikuiacha haraka rangi nyekundu: ilivaliwa katika mapigano ya Ginnis huko Sudani mwezi wa Desemba 1885, nayo ndiyo husemwa kuwa mara ya mwisho, na kaki ikawa ya vikosi vyote vilivyo ng'ambo mwishoni tu mwa karne. Wafaransa walishikilia suruali nyekundu mpaka mwaka 1914, wakalipa kwa damu. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kaki ikawa alama ya askari kwa jeshi la Wadachi lililoanzishwa na Wissmann mwaka 1889, pamoja na Wasudani aliowaajiri Misri, kisha kwa King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Askari wa Barghash aliyevaa kaki ni mtu aliyezaliwa kabla ya mama yake.

Tena haifai kudhani kwamba sare zote zilitoka Magharibi kuja Mashariki. Koti la mahusari wa Ulaya asili yake ni Hungaria. Wafaransa, baada ya kuingia Aljeria mwaka 1830, waliunda vikosi vya Zouave vyenye tarbushi, vizibao na suruali pana za nchi ile, na Wamarekani wakaviiga katika vita vyao vya mwaka 1861. Sultani Mahmud II naye aliamuru tarbushi badala ya kilemba kwa maofisa wa serikali yake mwaka 1829, akidhani anafuata maendeleo, na Ulaya ikaiona tarbushi hiyo hiyo kuwa alama ya Mashariki.

Mtihani wa haki kwa mtayarishaji yeyote ni tarehe 27 Agosti 1896, siku ya vita vilivyodumu chini ya saa moja, baada ya Seyyid Khalid bin Barghash kuingia katika ikulu. Jukwaani siku hiyo hugawanywa kirahisi: Wazungu wenye kaki upande huu, kanzu upande ule. Lakini upande wa Waingereza, mbali na wanamaji wachache walioshuka pwani, walikuwako askari wa Kizanzibari wapatao 900 chini ya Arthur Raikes. Na upande wa Khalid, pamoja na raia na watumwa waliopewa silaha, walikuwako askari wa ikulu. Ni jeshi la dola moja lililogawanyika. Katika mchezo wenye kujali ukweli, mtazamaji angewaona watu wa sare za dola moja wakielekezeana bunduki, wala asiweze kuwabainisha kwa nguo. Anayewabagua kwa rangi ya koti, ili hadithi iwe wazi, ameondoa msiba wa siku hiyo akabakiza mizinga.

Watafsiri nao wana sehemu yao ya lawama. Karne ya kumi na tisa ya Ulaya ilikuwa na koti la mikia la usiku, koti refu la kufika magotini, koti fupi la kijeshi lenye vifungo mpaka shingoni, na koti zito la baridi; katika tafsiri za Kiswahili yote hugeuka kuwa koti. Katika hadithi nyepesi hasara ni ndogo. Lakini ichukuliwe hadithi ya Gogol ya mwaka 1842, ambamo mwandishi wa ofisini ajinyima chakula apate vazi zito la baridi, la aina iliyovaliwa na askari na watumishi wa serikali sawasawa. Kuliita koti tu ni kulipunguza. Kuliita joho ni kulipa fahari ambayo mwenyewe hakuwa nayo ila siku moja. Bushuti lingekaribia kwa uzito na kwa sufi, ijapokuwa halina ukosi wala vifungo, na ukosi una kazi kubwa katika hadithi ile. Pengine la kufanya ni kulieleza mara ya kwanza kwa maneno matatu manne, kisha kulitumia neno lililochaguliwa bila kuyumba.

Limebaki suala la picha za kamera, ambazo wengi huzitegemea kama hati za mahakamani. Faida yake ni kubwa, lakini mtu aliyeketi mbele ya kamera alivaa ili aonekane, wala si lazima alivaa hivyo alipokwenda sokoni. Jingine ni la ufundi tu. Dawa zilizopakwa katika vioo vya kamera za wakati ule hazikuihisi rangi nyekundu, na buluu zilizidi kuihisi; hivyo nguo ya buluu hutoka hafifu, karibu na nyeupe, na nyekundu hutoka nyeusi. Fundi anayeshona kwa kuangalia picha za namna hiyo, bila kusoma maelezo ya walioyaona majeshi hayo kwa macho, atawashonea askari wa Mathews kofia nyeusi zinazofanana na makoti yao, naye ataapa kwamba picha ndivyo inavyoonyesha.