Herekali katika Utendi wa Tambuka: Je, Mtunzi Alipotosha Historia?

Kila tunapofundisha tenzi za kale, Utendi wa Tambuka, uitwao pia Utendi wa Herekali, huzua swali moja darasani: je, mambo haya yalitokea kweli? Mwanafunzi akiambiwa kwamba hayakutokea hivyo, huharakisha kuandika kuwa mtunzi "amepotosha historia", kisha akaweka kalamu chini. Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hoja hiyo haitoshi.

Herekali si mhusika wa kubuni. Ndiye Heraclius, Kaisari wa Rumi ya Mashariki tangu mwaka wa 610 hadi kifo chake mnamo 641. Alitoka Carthage, Afrika Kaskazini, na merikebu za kivita, akampindua Phocas na kurithi dola iliyokuwa ikibomoka. Mwaka wa 614 Waajemi waliiteka Yerusalemu na kuuchukua msalaba ambao Wakristo waliamini ndio aliosulubiwa Yesu. Heraclius aliliongoza jeshi yeye mwenyewe kuanzia 622, akawashinda Waajemi karibu na Ninawi mwaka wa 627, na kufikia 630 alikuwa ameurudisha msalaba Yerusalemu. Lakini mpanda ngazi hushuka. Mwaka wa 636 jeshi lake lilishindwa na Waislamu huko Yarmuk, na Shamu ikamponyoka. Alifariki akiwa amepoteza sehemu kubwa ya yale aliyoyakomboa.

Sasa tumgeukie Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate, ambaye utendi wake unahusishwa na mwaka wa 1728. Katika utungo huu, Jaafar ameuawa katika vita vya Muta. Mtume anampelekea Herekali barua ya kumwita katika Uislamu, Kaisari anakataa, na vita vikali vinazuka. Historia inasimulia vingine. Tambuka ndiyo Tabuk, na mwaka wa 630 Mtume Muhammad alifika huko na jeshi lake, hakukutana na jeshi la Rumi, akarejea Madina bila vita.

Je, mtunzi alikosea? La hasha! Utendi wa kishujaa una kanuni zake. Shujaa hupimwa kwa ukubwa wa adui yake, kwani kumshinda mnyonge si ushujaa. Chuku inayoyakuza majeshi ya Kaisari ndiyo inayowakweza Ali na wenzake. Hadhira ya Pate haikuketi kusikiliza tarehe. Iliketi ili imani yake itiwe nguvu.

Hata hivyo, mhakiki mwadilifu hasifu tu. Katika hadithi za Kiislamu mna simulizi ambamo Herekali anamhoji Abu Sufyan kwa busara kuhusu Mtume, anavutiwa na majibu, kisha anarudi nyuma wakuu wake wanapokasirika. Huyo ni mtu mwenye mgogoro wa nafsi: anauona ukweli lakini anakihofia kiti chake. Katika utendi, mshindo wa vita unaumeza mgogoro huo. Tumepata adui wa kutisha, tukamkosa binadamu.

Wala si Pate pekee palipomchonga Kaisari huyu upya. Katika karne ya 12, Gautier d'Arras alitunga nchini Ufaransa hadithi ya kishairi ambamo Herekali huyuhuyu ni shujaa wa msalaba. Adui wa utungo mmoja ni shujaa wa mwingine, kwa sababu kila mtunzi humsawiri mtawala kulingana na imani na mahitaji ya hadhira yake.

Kwa hivyo, mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu ukweli wa kihistoria katika utendi, usikomee kwenye kulaumu. Kwanza, eleza historia kwa ufupi. Pili, onyesha mtunzi amebadilisha nini. Tatu, toa sababu ya badiliko hilo na utathmini kilichofaidika na kilichopotea. Hatua mbili za kwanza ni kumbukumbu tu. Ya tatu ndiyo uhakiki.