Nani Kamwoa Nani?

Soma sentensi hizi mbili. Mengi alimwoa Jacqueline. Esther Musila alimwoa Guardian Angel. Ya kwanza inateremka kama uji. Ya pili inakwama, na mwalimu wa Kiswahili ataizungushia kalamu nyekundu kabla hajauliza hao ni akina nani.

Wanajulikana. Reginald Mengi, mwenye viwanda na vyombo vya habari, alifunga ndoa na Jacqueline Ntuyabaliwe, Miss Tanzania wa mwaka 2000 aliyeimba kwa jina la K-Lynn, mwaka 2015 huko Mauritius. Walipishana zaidi ya miaka 30. Guardian Angel, mwimbaji wa injili wa Kenya, alifunga ndoa na Esther Musila Januari 2022. Hapo mkubwa ni mke, kwa karibu miaka 20.

Ninaandika nikiwa Endagikot, Mbulu, ambako habari za mastaa zinafika kwenye simu sawasawa na zinavyofika Sinza. Picha za Guardian Angel na mkewe nimeletewa na watu watatu tofauti, kila mmoja na vicheko vyake. Za Mengi na mkewe hakuna aliyewahi kuniletea kwa kunichekesha. Pengo dogo ndilo lililoonekana kubwa. Kijana mmoja saluni alilimaliza suala kwa maneno mawili: "Dogo kaolewa." Kila mtu akacheka, hata aliyekuwa ananyolewa.

Mzaha ule wote umebebwa na kiambishi kimoja, kwa hiyo tukitazame.

Kiswahili hakibagui jinsia mahali pengi. "Anakuja" ni yeye, mume au mke. Huwezi kujua mpaka umwone. Majirani zangu wanaozungumza Kiiraqw wana lugha ya Kikushi ambayo nomino zake zina jinsia, kama Kifaransa. Sisi wa Kiswahili tuna ngeli, na katika ngeli ya kwanza mwanamume na mwanamke wanakaa benchi moja. Isipokuwa tukifika kwenye ndoa. Hapo mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Kitenzi kinapewa kauli ya kutendwa kwa namna ileile ya ng'oa na ng'olewa, ondoa na ondolewa. Jino linang'olewa, mzigo unaondolewa, dada anaolewa. Ndoa ikivunjika, mume anaacha na mke anaachwa, au tunasema ameachika, kama kwamba jambo lilitokea lenyewe. Na nyuma ya wote yupo mtendaji wa tatu: baba, anayeoza. Binti aliyeozwa yuko hatua mbili mbali na uamuzi.

Kwa hiyo kijana wa saluni hakuwa anasema lolote kuhusu umri. Alikuwa anasema kwamba katika nyumba ile mwenye umri, na pengine mwenye pesa, ndiye mtenda, na mwanamume amebaki mtendwa. Ndiyo maana mtaani tuna majina tele ya kijana wa aina hiyo: marioo, benteni, serengeti boy. Zari Hassan, aliyezaliwa 1980, alipokuwa na Diamond Platnumz wa 1989, na baadaye alipofunga ndoa na Shakib Lutaaya aliye mdogo zaidi, majina hayo yalikuwa tayari kabatini, yanasubiri mtu wa kuyavaa.

Udhaifu wa uandishi wetu wa mastaa ni kwamba unajua hesabu moja tu, ya kutoa. Unachukua mwaka wa huyu, unatoa mwaka wa yule, unaandika kichwa cha habari. Hesabu hiyo haiwezi kutofautisha vitu vilivyo tofauti. Donald Trump amemzidi Melania karibu miaka 24. Brigitte Macron amemzidi mumewe Emmanuel miaka 24 na miezi minane. Kwa kutoa, ndoa hizi ni pacha. Lakini wanaomsema Brigitte wanasema mikunjo ya uso wake, wakati jambo zito katika habari ile ni jingine kabisa: walikutana shuleni, yeye mwalimu, Emmanuel mwanafunzi wa miaka 15. Ukitaka kuhoji, hoji hapo. Miaka 24 kati ya mtu wa 50 na wa 74 haina uzito wa miaka 24 kati ya mtu wa 15 na wa 39.

Tumewahi kulielewa hili. Mwishoni mwa muongo wa 2000 redio zetu zilirusha matangazo ya Fataki, mwanaume mtu mzima anayewafukuzia mabinti wa shule, na jina lile likawa neno la kawaida la Kiswahili. Kwa mara moja lugha ilimpata mtenda na kumwaibisha yeye, badala ya kumcheka mtendwa. Kampeni ikapita. Neno limebaki, ila silioni tena kwenye habari za mastaa.

Na namba 15 haiko Ufaransa peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza ndoa kuwa muungano wa hiari. Kisha kifungu cha 13 kinaweka umri wa chini: mwanamume 18, mwanamke 15. Binti wa chini ya 18 anahitaji ridhaa ya mzazi, yaani kitenzi kilekile, kuoza, kimevaa suti ya kisheria. Pengo la miaka mitatu limeandikwa kabla bwana harusi hajatafutwa. Rebeca Gyumi alilipeleka Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikasema linakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Sidhani tukisema "wameoana" kila mahali binti yeyote wa Mbulu atarudi darasani kwa sababu hiyo. Kiambishi hakiozi mtu. Lakini kinatuzoesha kutazama upande mmoja: mke akiwa mdogo tunaona utaratibu, akiwa mkubwa tunaona kioja. Lugha ina njia nyingine, na tunazitumia bila shida tunapotaka. Wameoana. Wamefunga ndoa. Katika sentensi hizo kuna watu wawili wanaotenda, na mwandishi analazimika kuuliza kama kweli wote wawili walitenda.

Kwa Esther Musila, mama mtu mzima aliyejichagulia mume hadharani, jibu ni rahisi. Ningependa wanaoniletea picha zake waniletee pia ile ya bibi harusi ambaye mwaka jana alikuwa kidato cha pili, tuone kama tutacheka.