Ramani Iliyoipeleka Tohara Vijijini

Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2007/08 uliukuta Mkoa wa Iringa, kabla haujamegwa na kuzaa Njombe, ukiwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 15.7. Hakuna mkoa wa Tanzania Bara uliokuwa juu zaidi. Wanaume waliotahiriwa huko walikuwa karibu asilimia 38, ilhali kitaifa walifika 67. Majaribio ya kitabibu yaliyofanyika Orange Farm, Kisumu na Rakai yalikwishaonesha kuwa tohara ya kitabibu hupunguza kwa takribani asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Pa kuanzia palijulikana.

Wizara ya Afya ilianza kutoa huduma hiyo huko mwaka 2009, ikisaidiwa na mradi wa MCHIP kwa fedha za Marekani. Wateja hawakukosekana. Kampeni ya wiki sita ya mwaka 2010, iliyofanyika majira ya baridi ambapo wengi huko wanaamini kidonda hupona vizuri zaidi, ililenga watu 6,000 ikahudumia 10,352. Hesabu ya namna hiyo inafurahisha, lakini inawahesabu waliokuja tu. Kijana wa kando ya Ziwa Nyasa kule Ludewa, au wa milima ya Makete ambako masika barabara hazipitiki, hayumo ndani yake. Katika mwaka wa fedha 2011, ni asilimia 48 tu ya tohara zote ndizo zilizofanyika vijijini, na huko vijijini ndiko wanakoishi watu wengi wa mikoa hiyo.

Mwaka 2012 mradi ukageukia mfumo wa taarifa za kijiografia. Kwa kila kituo cha kutolea huduma za afya zikakusanywa taarifa za mahali kilipo, barabara ya kukifikia na hali yake, idadi ya watu wanaokitegemea, watumishi na miundombinu. Vyote vikaingia kwenye kanzidata moja, kisha zikapandishwa juu yake takwimu za watu na za huduma zilizokwishatolewa. Kwangu mimi, kazi yenyewe iko katika hatua hii ya mwisho. Ramani ya zahanati peke yake haimfundishi mpangaji kitu. Akiona kwamba zahanati fulani inategemewa na watu wengi na tohara zilizofanyika hapo ni chache, hapo amepata pa kupeleka timu.

Taarifa za barabara na watumishi nazo si pambo. Tohara si chanjo ya kudungwa na kuondoka. Mteja hupewa ushauri nasaha, hupimwa VVU kwa ridhaa yake, huchomwa sindano ya ganzi, hufanyiwa upasuaji kwa vifaa vilivyotakaswa, kisha hurudi baada ya saa 48 na tena baada ya siku saba ili kidonda kikaguliwe. Timu isiyojua kama kituo kina muuguzi wa kumpokea mteja siku ya saba inaweza kumwacha na kidonda kilichooza. Nadhani hakuna sababu nzito kuliko hii ya kukusanya taarifa kwanza, gari baadaye.

Matokeo yalikuwa makubwa. Sehemu ya tohara zilizofanyika vijijini ilipanda hadi asilimia 88 katika mwaka wa fedha 2012, na 93 mradi ulipofika mwisho mwaka 2014. Hadi Septemba mwaka huo walikuwa wamehudumiwa wanaume 267,917, na kati yao 259,144 walikuwa na umri wa miaka 10 hadi 34. Lengo la rika hilo lilikuwa 264,990, kwa hiyo lilifikiwa kwa asilimia 98.

Nina mashaka mawili. Kupanda kutoka 48 hadi 88 ndani ya mwaka uleule ramani ilipoanza kutumika ni kwa kasi mno kuipa ramani sifa yote. Timu za kuhamahama nazo zina mchango wao, na takwimu za jumla haziwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Shaka la pili linanisumbua zaidi. Lengo linalomweka mtoto wa miaka 10 kapu moja na mwanamume wa miaka 30 linajazwa haraka na watoto. Katika kampeni ile ya 2010 wengi walikuwa chini ya miaka 20. Manufaa ya mtoto yatakuja baadaye, lakini anayeweza kuambukizwa mwaka huu ni yule wa miaka 30, ambaye mara nyingi huona aibu kupanga foleni na watoto wa jirani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inapendekeza huduma hii kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Kwa programu inayopangwa leo, ramani ya kila zahanati inapaswa kuonesha pia umri wa wanaume ambao bado hawajafikiwa, ili timu iamue mapema kama itafungua jioni, watu wakitoka shambani, au itatenga siku ya watu wazima peke yao.