'Unasikia?': Neno moja, neva tatu

WATAALAMU wetu wa Kiswahili wamebishana kwa muda mrefu kuhusu jina. Je, tuseme neva au mshipa wa fahamu? Mjadala huo si wa bure. Neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa: upo mshipa wa damu, upo mshipa wa fahamu, na huku Pwani ukisema fulani 'ana mshipa', watu huelewa kwamba anaugua ngiri au busha. Kwa sababu hiyo naafiki neno neva, ambalo vitabu vya sayansi vya Tanzania vimelizoea. Hata hivyo, naona tumeshughulikia nomino tukasahau vitenzi, ilhali kwenye kitanda cha mgonjwa kazi hufanywa na vitenzi.

Hebu tutazame uchunguzi wa neva za kichwa. Binadamu ana jozi 12 za neva hizi. Ndizo zinazotuwezesha kunusa, kuona, kuzungusha macho, kutafuna, kukunja uso, kusikia, kumeza, kuinua mabega na kusogeza ulimi. Kuzipima hakuhitaji mashine ya mamilioni. Tochi, kipande cha pamba na kahawa kidogo ya kunusa hutosha kwa kuanzia. Vilivyosalia ni maagizo ya mdomo: fanya hivi, tazama kule, niambie wajisikiaje. Mhudumu amefundishwa maagizo hayo kwa Kiingereza, kisha akifika kazini huyatafsiri papo hapo, kila mtu kivyake.

Chukua mfano wa Miasenyi, kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako pia kuna stesheni ya reli ya SGR kati ya Mariakani na Voi. Mgonjwa anayepelekwa Voi kutoka huko huenda lugha yake ya kwanza ni Kitaita, Kisagalla, Kiduruma au Kikamba. Kiswahili ndicho daraja kati yake na anayempima. Daraja likiwa na ubao uliooza, anayeanguka ni mgonjwa.

Ubao wa kwanza uliooza ni swali 'unasikia?' Kwa Kiswahili twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi na twasikia maumivu. Ni utajiri wa lugha, lakini kwa anayepima neva ni mtego. Neva ya kwanza hupimwa kwa harufu, ya tano kwa kuguswa usoni, ya nane kwa sauti. Mhudumu akiuliza 'unasikia?' mara zote tatu, mgonjwa aliyefumba macho hujibu lipi? Huenda anakiri tu kwamba amesikia swali! Isitoshe, mzee wetu aliyelelewa kwa adabu hujibu 'ndiyo' ili asimvunje moyo kijana wa watu.

Dawa yake ni kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo. 'Hii ni harufu ya nini, mama?' 'Nimekugusa shavu gani?' 'Sauti inatoka upande upi?' Vivyo hivyo kwa macho: badala ya 'unaona vizuri?', aulizwe, 'Unaona kidole kimoja au viwili?'

Ubao wa pili ni neva ya saba, inayoongoza misuli ya uso. Vitabu vya Kiingereza humtaka mgonjwa atabasamu, nasi tukakimbilia 'tabasamu'. Neno hilo ni zuri kwa shairi, lakini ni nani atabasamuye kwa amri ilhali mdomo umemwendea upande? Kiswahili kina kenua, kitenzi kinachosema hasa kinachotakiwa, ila kumwambia mzee 'kenua' ni kumkosea heshima. Sema basi: 'Nionyeshe meno, baba.' Kisha usiishie mdomoni. Mwambie apandishe nyusi hadi kipaji kifanye makunyanzi, halafu afumbe macho kwa nguvu.

Agizo hilo la nyusi ndilo lenye uzito mkubwa. Kwa kawaida, kiharusi kikiudhoofisha uso, kipaji husalimika, kwa kuwa sehemu hiyo hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Neva yenyewe ikiathirika, kama katika maradhi yaliyopewa jina la Charles Bell, daktari Mskoti wa karne ya 19, upande mzima hulegea, kipaji pamoja na jicho. Mtaani yote mawili huitwa 'kupigwa na upepo'. Lakini kiharusi ni mbio za saa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo. Kwa hivyo mdomo uliopinda ghafla haungoji nyumbani, hata kama mwenyewe anasema hasikii uchungu.

Kuna watakaonisahihisha: ati wahudumu husema 'funga macho' na si 'fumba'. Sina ugomvi nao. Fumba ndilo neno faafu, ila mgonjwa akielewa funga, lengo limetimia. Ninachokipinga ni neno linaloruhusu majibu mawili. Vilevile adabu isipuuzwe. Kumtolea mtu ulimi kwetu ni dharau, na mama mzima atausogeza kidogo tu kwa haya. Mhudumu anayetanguliza 'samahani mama, nataka nione kama ulimi umenyooka' atauona wote, na ukielemea upande mmoja atajua neva ya kumi na mbili ina kasoro.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Urasmi huo hautoshi ukibaki kwenye hotuba na mabango. Wanaofundisha lugha na wanaofundisha utabibu wakae pamoja waandike ukurasa mmoja wa maagizo 12, wayajaribu kwa wazee wa Miasenyi kabla ya kuyachapisha, na wafute kila sentensi ambayo mzee ataijibu 'ndiyo' bila kuielewa.