Diski Kubwa kwenye Mashine Kongwe: Jinsi ya Kuitambua Kazi Safi

Toleo jipya la programu ya gemu likitangazwa kwamba sasa "linasoma diski ya TB 4", usishangilie bado. Kuchomeka diski, kusubiri orodha ya gemu itokee na kupiga picha ya skrini ni jambo la dakika tano. Ugumu uko kwenye sekta za mwisho za diski, kwenye nusu saa ya pili ya mchezo, na kwenye aina ya diski ambayo mwandishi wa programu hakuwa nayo mezani. Anayeijua kazi hii huanza kupimia huko.

Nazungumzia programu zinazoandikwa na mafundi huru, bila kibali cha kampuni, kwa ajili ya mashine ambazo watengenezaji wake wameshaziacha: Open PS2 Loader ya PlayStation 2, USB Loader GX ya Wii, na wenzao. PS2 iliingia sokoni Japani Machi 2000, Wii ikafuata Novemba 2006. Wakati huo diski ya TB 4 ya kubeba mfukoni haikuwepo. Lakini mashine hazikufa. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi bado utaikuta PS2 ambayo lenzi yake ilichoka zamani, sasa inaendeshwa na memori kadi iliyotiwa programu na flashi iliyojaa mipira. Mwenye kibanda haulizi habari za mifumo ya faili. Anataka vijana wasikatikiwe gemu dakika ya themanini na tano, maana hapo ndipo pesa hudaiwa kurudishwa.

Kipimo cha kwanza ni hesabu. Diski huhesabiwa kwa sekta, na kwa miaka mingi sekta moja ilikuwa baiti 512. Programu inayoihesabu kwa namba ya biti 32 inaweza kutaja sekta 4,294,967,296 tu, yaani TB 2 na ushei. Ikivuka hapo inafanya kama mita ya gari iliyojaa tisa: inarudi sifuri na kuanza upya. Diski ya TB 3 ina sekta zipatazo bilioni 5.86. Ondoa zile bilioni 4.29, kinachobaki ni kama GB 746 kwa hesabu ya kompyuta. Ndiyo maana mjuzi akiona diski ya TB 3 imeandikwa GB 746 kwenye skrini haulizi zaidi: mahali fulani, ama kwenye draiva ama kwenye kasha la diski, biti zimekatwa.

Kuonyesha ukubwa wa uongo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kuandika. Programu yenye hesabu ya namna hiyo ikiamriwa kuandika kwenye sekta iliyo mia moja mbele ya mpaka, itaandika kwenye sekta ya mia moja tangu mwanzo wa diski, na mwanzo wa diski ndipo zinapokaa habari za migawanyo na za mfumo wa faili. Mchezaji amehifadhi mechi yake. Kumbe amefuta ramani ya gemu zote.

Ziko amri za kukwepa balaa hili, na ni za zamani. Diski za USB huzungumza lugha ya SCSI. Amri ya READ 10 hubeba namba ya sekta ya biti 32. READ 16 hubeba ya biti 64. Diski ikiulizwa ukubwa wake kwa amri fupi, na ukubwa huo hauenei humo, kanuni inaitaka ijibu kwa namba iliyojaa, FFFFFFFF, maana yake "niulize kwa amri ndefu". Programu iliyoandikwa kwa haraka haijui adabu hiyo. Inaichukua namba ya sekta ya mwisho, inaongeza moja ili ipate jumla, na jumla ya biti 32 inakuwa sifuri. Skrini inasema hakuna diski, na mtu wa watu anarudi dukani kugombana na muuzaji.

Halafu kuna sekta za baiti 4096. Baadhi ya makasha ya diski kubwa hutumia sekta hizo ili jedwali la kale la migawanyo, MBR, liweze kufika TB 16 badala ya TB 2. Hapa uvivu wa mwandishi huonekana wazi. Aliyeandika 512 kila mahali kana kwamba ni sheria ya maumbile ataisoma sekta ya kwanza vizuri, ataliona jedwali, kisha ataupigia hesabu mwanzo wa mgawanyo kwa kipimo kisicho chake na kuangukia patupu. Ikiwa pia ametenga nafasi ya baiti 512 tu kwenye kumbukumbu, diski itammiminia 4096, na zilizozidi zitamwagikia vitu vya jirani. Kama unaweza kuufungua msimbo wa programu, tafuta 512. Ukiikuta mara moja, imepewa jina na inabadilika kwa jibu la diski, huyo ni fundi. Ukiikuta imetapakaa, funga.

Sasa tuje kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote: ubanifu. PS2 ina vichakataji viwili. Kikubwa kina kumbukumbu ya MB 32, lakini bandari za USB ziko chini ya kile kidogo, IOP, chenye MB 2. Humo ndimo hukaa draiva za diski, za pedi, za memori kadi na za sauti, na gemu lenyewe nalo huja na draiva zake likidai nafasi. Kila kilobaiti anayoongeza mwandishi kwa ajili ya diski kubwa anamnyang'anya mtu.

Chukua mfumo wa faili wa FAT32. Diski ya TB 2 yenye klasta (mafungu ya sekta) za KB 32 ina klasta zaidi ya milioni 67, na kila moja ina baiti nne kwenye jedwali la mfumo huo. Jedwali zima ni MB 256. USB ya PS2 ni ya kizazi cha 1.1, megabiti 12 kwa sekunde kwenye karatasi, na uhalisia ni kama MB moja. Programu inayoamua kulipitia jedwali lote ili ijue nafasi iliyobaki itakaa zaidi ya dakika nne ikitazama tu, na mchezaji atadhani mashine imeganda. Mwenye akili haulizi swali ambalo jibu lake halimsaidii: anayeendesha gemu hahitaji kujua nafasi iliyobaki. Akilazimika, FAT32 ina sekta ndogo ya muhtasari inayotunza hesabu hiyo, hata kama si ya kuaminiwa sana.

Kwa sababu ya ufinyu huohuo wa kumbukumbu, Open PS2 Loader kwa muda mrefu ilitaka faili la gemu liwe kipande kimoja mfululizo. Watu waliilalamikia. Mimi naona ilikuwa busara: gemu likishaanza, hakuna nafasi ya kubeba mfumo mzima wa faili, kinachobebwa ni namba ya sekta ambako faili linaanzia. Matoleo ya baadaye yaliruhusu orodha fupi ya vipande, ambayo ni nyongeza ya adabu kwa sababu orodha ina mwisho, na ikizidi programu inakwambia kabla ya gemu kuwaka badala ya kukuangusha katikati.

Hapo ndipo thamani ya mfumo wa faili wa exFAT ilipo, na wengi huieleza nusu. Husema exFAT ni bora kwa sababu inapokea faili linalozidi GB 4. Ni kweli, FAT32 huishia baiti moja kabla ya GB 4, na DVD ya kawaida ya PS2 inaweza kufika GB 4.7, ndiyo maana gemu kubwa zilikatwa vipande vya GB moja moja na kuandikwa kwenye faili la ul.cfg, utaratibu ambao nautakia mapumziko mema. Lakini kuna lingine: exFAT ina alama inayosema faili hili limekaa mfululizo, usihangaike na jedwali. Na nafasi iliyobaki huwekwa kwa biti moja kwa kila klasta badala ya baiti nne. Kwa mashine yenye MB 2 hiyo ni neema. Ukikutana na programu iliyoongeza exFAT huku bado inafuata mnyororo wa klasta hatua kwa hatua hata kwa faili la mfululizo, jua mwandishi alinakili maktaba bila kuisoma.

Microsoft ilitoa maelezo kamili ya exFAT hadharani Agosti 2019. Kabla ya hapo, kusita kuitumia kulikuwa tahadhari ya kisheria, si uzembe. Usiihukumu programu ya mwaka 2012 kwa kosa hilo.

Upande wa Wii kuna funzo la ladha. Mwaka 2009 mafundi walitumia mfumo wao wenyewe, WBFS, uliobana nafasi vizuri na kutupa sehemu tupu za diski ya gemu. Lakini kompyuta haikuuelewa: ukichomeka diski yako kwenye Windows unaombwa uifomati, na waliobonyeza "ndiyo" kwa mazoea walilia. Isitoshe, orodha ya gemu ilikaa ndani ya sekta moja ya baiti 512. Kumi na mbili zilikuwa za kichwa, zikabaki 500, gemu moja kwa baiti moja. Diski ingeweza kuwa na nusu ya nafasi wazi na bado ikalikataa gemu la 501. Baadaye watu walihamia kwenye mafaili ya .wbfs juu ya FAT32, yaliyokatwa kabla ya GB 4, na tangu hapo diski ikasomeka popote. Kazi nzuri haikufungii vitu vyako ndani ya programu moja.

Umeme na usingizi navyo vimo, ingawa si vya kuvutia kuandika. Bandari ya USB ya mashine hizi imekusudiwa kutoa miliampia 500, na diski inayozunguka hutaka zaidi inapoamka. Programu haiwezi kuongeza umeme, lakini inaweza kusubiri: iulize diski kama iko tayari, ikisema bado, iulize tena. Zile zinazouliza mara moja na kukata tamaa ndizo zinazomfanya mtu achomoe na kuchomeka waya mpaka bandari ilegee. Upande wa pili, diski nyingi za nje hulala zisiposomwa kwa muda. Gemu la kufikiri linaweza kukaa kimya hivyo. Programu iliyokomaa huigusa diski mara kwa mara isisinzie, au huvumilia iamke.

Kabla hujailaumu programu, ipime flashi. Soko limejaa flashi za "TB 2" za bei ya chakula cha mchana, ambazo ndani zina GB 32 na kidhibiti kilichofundishwa kudanganya. Zikijaa hujizungusha na kuandika juu ya vya mwanzo, na dalili zake zinafanana kabisa na za programu mbovu. H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux hulimaliza shauri hilo kwa kuijaza flashi na kuisoma upya.

Sasa jaribio lenyewe. Chukua diski isiyo na kitu unachokipenda, inayozidi TB 2. Ijaze kwa mafaili ya ovyo mpaka ikaribie kujaa, weka gemu mwisho, kisha futa yale ya ovyo. Gemu limekaa ng'ambo ya mpaka. Liwashe. Likikubali, tengeneza memori kadi ya bandia, lile faili la MB 8 ambalo Open PS2 Loader hulitumia badala ya kadi halisi, nalo lisukumwe mbali vilevile, na uhifadhi mchezo mara kadhaa. Hilo ndilo jambo pekee ambalo programu huandika wakati gemu linaendelea, kwa hiyo ndipo pa kuibana. Kisha rudisha diski kwenye kompyuta uikague. Kama kompyuta haina lalamiko, na gemu linaipata kumbukumbu yake, hapo toa sifa.

Kasi niiguse tu. Diski kubwa haiifanyi USB ya PS2 kuwa na mbio. Kiendeshi chake cha DVD kilisoma karibu MB 5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu za katikati ya gemu zitakwama kwa USB hata ununue diski ya bei gani. Anayeahidi kuondoa mkwamo huo kwa draiva mpya anauza.

Mwisho, tazama programu inavyokataa. Ikishindwa diski ya sekta za 4096, je, inaganda, inaonyesha orodha tupu, au inaandika kwamba diski ina sekta za baiti 4096 na toleo hili halizisomi? Sentensi hiyo moja huchukua mistari michache ya msimbo na haiongezi gemu hata moja. Ukiikuta kwenye programu isiyovuka TB 2, ichague mbele ya ile iliyoahidi TB 8 na kunyamaza.