Fundo la Msuli na Kasoro ya Tafsiri Sisisi

Kitabu cha Janet Travell na David Simons (1983) kilieneza istilahi ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, huwa "nukta ya kifyatulio". Tafsiri hiyo humpa msomaji bunduki, si msuli. "Fundo" peke yake nalo halitoshi: fundo la begani likibonyezwa, maumivu huweza kusikika kichwani, na mgonjwa asiyeelezwa hutibiwa kichwa bure.

Katika karne ya 19 mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi yalibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Lugha iliyosafiri nao ina mzega, kukanda na kuchua. Tunapendekeza "fundo chokozi", na tiba yake "uchuaji wa fundo chokozi".